Karatasi Hubaki kwa Nani: Sanaa, Utafiti na Vijana wa Kiinuit

Katika miji midogo ya Aktiki ya Kanada, miradi inayowakutanisha vijana, wasanii na watafiti imezoeleka kiasi kwamba ni rahisi kuidhania kuwa zao la miaka ya karibuni, lililoletwa na vyuo vikuu vya kusini pamoja na fedha za ruzuku. Kijana hupewa kinasa sauti akamhoji bibi yake, hupewa rangi akachora ukutani mwa shule, au hushika kamera akafuatana na wawindaji juu ya barafu, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa sanaa na utafiti kwa wakati mmoja. Historia ya mambo haya ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, nayo yaweza kufuatwa kwa kuiandama karatasi yenyewe: ni nani aliyechora, ni nani aliyeomba ichorwe, na wino ulipokwisha kukauka ni nani aliyeondoka nayo.

Wainuit ni wenyeji wa nchi za baridi kali zinazoanzia Chukotka nchini Urusi, zikapita Alaska na kaskazini mwa Kanada hadi Greenland. Katika lugha yao ya Kiinuktitut neno inuit maana yake ni watu, na mtu mmoja huitwa inuk. Jina Eskimo walipewa na wageni, na wengi wao hawalitaki tena. Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu Wainuit zaidi ya 70,000, na sehemu kubwa ya hao huishi Nunavut, yaani nchi yetu, eneo lenye serikali yake lililozaliwa tarehe 1 Aprili 1999. Msomaji wa Kiswahili hataacha kutambua kwamba mzizi wa Kiinuktitut wa kutengeneza kitu ni sana, na kwamba kuchonga au kutengeneza mfano mdogo wa kitu hujengwa juu ya mzizi huohuo. Hauna undugu wowote na neno letu sanaa lililotoka Uarabuni, lakini ni sadfa inayopendeza, na inakumbusha kwamba katika lugha zote mbili sanaa hukaa jirani na kazi ya mikono.

Mfano wa zamani wa mwenyeji kumchorea mgeni kwa kusudi la utafiti, ambao habari zake zimehifadhiwa vizuri, ni wa majira ya baridi ya 1821 hadi 1822, wakati meli mbili za Uingereza chini ya nahodha William Edward Parry zilipokuwa zimezingirwa na barafu kusini mwa Igloolik. Mwanamke aitwaye Iligliuk alipewa penseli na karatasi, akachora mwambao wa nchi yake kwa kumbukumbu tu, pamoja na mlangobahari ambao Waingereza hawakuwa wakiujua. Majira ya joto yalipofika Parry aliifuata ramani hiyo na kuukuta mlangobahari mahali ulipochorwa, kisha akaupa majina ya meli zake, Fury na Hecla. Majina hayo yangali kwenye ramani za dunia hadi leo, ilhali la Iligliuk limebaki katika vitabu vya wasafiri. Miaka mia baadaye, kati ya 1921 na 1924, Knud Rasmussen, mtafiti aliyezaliwa Greenland na kuijua lugha ya Wainuit tangu utotoni, alipita katika nchi hizo kwa sleji za mbwa akikusanya simulizi, hirizi na michoro, na alichokusanya kiliishia Copenhagen. Rasmussen alisikiliza kwa heshima kuliko wengi waliomtangulia, na kazi yake ina thamani isiyopimika. Hata hivyo njia ya karatasi ilikuwa ileile ya kwenda bila kurudi.

Aliyeigeuza njia hiyo mapema alikuwa Mwinuit mwenyewe, Peter Pitseolak, mwindaji wa upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Baffin aliyezaliwa 1902. Katika miaka ya 1940 alianza kupiga picha za jamaa zake, na kwa kuwa hapakuwa na chumba cha giza, yeye na mkewe Aggeok walisafisha filamu ndani ya nyumba ya theluji, wakimulika kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Kichujio cha lenzi alikitengeneza kwa kioo cha miwani ya jua iliyochakaa. Pamoja na picha aliandika habari za watu wake kwa silabi, yaani alama za maandishi ambazo kila moja husimamia silabi nzima, zilizoenezwa na wamisionari katika karne ya 19. Alisema wazi kwamba aliyafanya hayo kwa ajili ya wajukuu, kwa sababu aliyaona maisha ya kambini yakimalizika. Alifariki 1973, na miaka miwili baadaye habari alizoandika zikatoka kitabuni. Ni vigumu kumpata mtu anayestahili zaidi kuitwa mtafiti wa kwanza wa jamii hiyo, ingawa hakuna chuo kilichompa cheo hicho.

Kumalizika kwa maisha ya kambini kulikuwa na sababu zinazojulikana. Baada ya vita vikuu vya pili bei ya ngozi ya mbweha mweupe, ambayo ndiyo ilikuwa fedha ya wawindaji, iliporomoka. Kifua kikuu kilienea, na serikali ikawasafirisha wagonjwa kwa meli hadi hospitali za kusini, hata ikafika 1956 takriban Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa amelazwa mbali na kwao. Watoto walipelekwa shule za bweni ambako lugha yao ilikatazwa. Tangu miaka ya 1940 kila mtu alikuwa amepewa kisahani kidogo chenye namba, cha kuvaliwa shingoni au kushonwa kwenye nguo, kwa sababu maofisa walishindwa kuyaandika na kuyatamka majina ya Kiinuit. Namba hizo ziliendelea kutumika hadi familia zilipopewa majina ya ukoo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina kwa Wainuit si alama ya kumtenga mtu na mwenzake tu: mtoto hupewa jina la marehemu, na pamoja nalo hupokea undugu wa marehemu huyo, kiasi kwamba mtu mzima anaweza kumwita mtoto mchanga babu yangu na kumaanisha hivyo. Kuweka namba mahali pa jina kulikuwa ni kuukata mnyororo huo.

Katika hali hiyo ndipo James Houston, mchoraji kijana kutoka kusini, alipofika Inukjuak mwaka 1948 na kurudi Montreal na vinyago vidogo vya mawe. Chama cha kazi za mikono cha Kanada kilimtuma tena kununua zaidi, na maonyesho ya mauzo ya Novemba 1949 yalikwisha kwa siku chache kwa sababu vinyago vyote vilinunuliwa. Mawe yenyewe ni ya jamii ya jiwe la sabuni wanalolichonga Wakisii wa Tabaka, ingawa mengine ni magumu zaidi na yana rangi ya kijani kibichi. Mwaka 1951 kilitolewa kijitabu chenye michoro ya kuwaelekeza wachongaji ni vitu gani vingeuzika, na humo mlikuwa na vitu ambavyo havikuwa vya Wainuit kabisa. Kijitabu hicho kililaumiwa kwa haki, na wachongaji wenyewe walikuja kukipita bila kukitegemea.

Jambo lililodumu lilitokea Kinngait, mji ambao wageni waliuita Cape Dorset na ambao jina lake la asili maana yake ni milima. Houston alihamia huko katikati ya miaka ya 1950 akiwa ofisa wa serikali. Inasimuliwa kwamba mchongaji Osuitok Ipeelee alikuwa akizitazama pakiti mbili za sigara zenye picha ya baharia, akastaajabu kwamba kuna mtu aliyevumilia kuchora kichwa kilekile mara nyingi namna hiyo. Houston, katika kumweleza uchapaji ni nini, alipaka wino juu ya jino la walarasi ambalo Osuitok alikuwa amelichora kwa kulichanja, akalaza karatasi laini juu yake, na picha ikatokea upande wa pili. Mwaka 1958 Houston alikwenda Japani kujifunza kwa bingwa wa chapa za mbao, Un'ichi Hiratsuka, na mwaka 1959 ukatoka mkusanyo wa kwanza wa chapa za Kinngait wenye orodha yake, mwaka uleule ulipoandikishwa ushirika wa wenyeji uliouendesha.

Namna chapa ya jiwe inavyotengenezwa yastahili kuelezwa, kwa sababu ndani yake umo uhusiano wa watu wengi. Bamba la jiwe husawazishwa na kusuguliwa hadi uso wake uwe laini, kisha mchoro ulioletwa na msanii, mara nyingi mwanamke aliyeuchora nyumbani kwake kwa penseli, hunakiliwa juu yake. Mchongaji huondoa kwa patasi kila sehemu isiyotakiwa kuchapa, akaacha mistari na miili ya wanyama ikiwa imeinuka. Wino huviringishwa kwa rola, rangi moja hapa na nyingine pale. Karatasi nyembamba ya Kijapani hulazwa juu yake, na mchapaji huisugua mgongoni kwa kisahani chenye pedi, polepole, mpaka picha ianze kuonekana upande wa nyuma kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji. Karatasi hubanduliwa, na kazi huanza upya. Kwa kawaida hutolewa nakala 50, kisha uso wa jiwe huharibiwa ili isiongezwe hata moja. Pembeni hugongwa mhuri mdogo mwekundu wa ushirika, na huandikwa kwa silabi jina la aliyechora na la aliyechapa, wote wawili. Hakuna aliyefichwa nyuma ya mwenzake, na katika historia nzima ya uuzaji wa kazi za watu wa nchi zilizotawaliwa, heshima hiyo ni nadra.

Kenojuak Ashevak, ambaye amejulikana kuliko wengine wote, aliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa ushonaji. Alikuwa amelazwa miaka mitatu katika hospitali ya kifua kikuu mjini Quebec, ambako alijifunza kushona wanasesere na kutunga shanga, na chapa yake ya kwanza, ya sungura anayekula mwani, ilitokana na urembo aliokuwa ameukata kwa ngozi ya sili na kuushona kwenye mkoba. Chapa yake ya 1960 ya bundi mwenye manyoya yanayotawanyika kama miali iliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970. Pitseolak Ashoona, mjane aliyekuwa na watoto wa kulisha, alianza kuchora aliposikia kwamba karatasi inalipa, akaacha maelfu ya michoro ya maisha ya kambini aliyoyaishi mwenyewe. Ushirika ulitoa karatasi na penseli kwa yeyote aliyetaka, ukanunua karibu kila kilicholetwa, na kwa utaratibu huo rahisi ukumbi wa nyumba ukawa shule. Binti yake Napachie Pootoogook aliketi kando yake akachora; binti wa Napachie, Annie Pootoogook, aliketi kando ya mama yake na bibi yake, naye akachora alichokiona yeye: jiko la mafuta, televisheni, familia ikila sakafuni, na pia ukatili wa ndani ya nyumba ambao wanunuzi wa kusini hawakuwa wamezoea kuuona katika sanaa ya Aktiki. Alishinda tuzo ya sanaa ya Sobey mwaka 2006. Kifo chake mjini Ottawa mwaka 2016, akiwa na miaka 47, bado kinauma kwa wote wanaoijua kazi yake.

Ushirika huo haukuwa huru katika kila jambo. Tangu 1961 baraza lililoundwa kusini lilikuwa na sauti ya mwisho juu ya chapa zipi za jumuiya za Kiinuit zingetolewa na zipi zingekataliwa, na hukumu yake iliendelea hadi 1989 lilipovunjwa. Wachapaji waliokesha juu ya jiwe walipokea jibu la kukataliwa kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuisema lugha yao.

Wakati huohuo penseli ilikuwa ikifanya kazi nyingine, ambayo wanahistoria wa sanaa huipita haraka kupita kiasi. Kuanzia 1973 wawindaji wa Aktiki ya Kanada waliombwa wachore juu ya ramani kila mahali walipowahi kuwinda, kuvua, kutega na kupiga kambi katika maisha yao. Mamia ya watu wazima waliinama juu ya meza, wakavuta mistari kwa rangi tofauti, ya kulungu wa kaskazini mbali na ya sili, na kazi hiyo ikachapishwa 1976 katika juzuu tatu. Mistari hiyo ilipowekwa pamoja iliifunika karibu nchi yote ambayo serikali ilikuwa ikiiona tupu. Juu ya ushahidi huo yalijengwa madai ya ardhi yaliyozaa mkataba wa 1993 na hatimaye Nunavut yenyewe. Iligliuk alichora, na meli ikafuata; wajukuu wa watu wake walichora, na mpaka ukawekwa.

Mji wa Igloolik ulishika njia yake. Wakazi wake walipiga kura mara mbili, 1975 na 1979, kuikataa televisheni kwa sababu haikuwa na neno hata moja la Kiinuktitut, wakaikubali mwaka 1983 baada ya kuundwa kwa shirika la utangazaji la Wainuit. Zacharias Kunuk, mchongaji wa mji huo, alikwenda Montreal mwaka 1981 kuuza vinyago vyake, na kwa fedha hizo akanunua kamera ya video. Mwaka 1990 yeye na wenzake, Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn, walianzisha kampuni ya Isuma, jina lenye maana ya fikra au kuwaza. Mwaka uliofuata wanawake wa Igloolik wakaanzisha kikundi chao cha video, Arnait. Filamu ya Atanarjuat, iliyopata tuzo ya Kamera ya Dhahabu mjini Cannes mwaka 2001, ilianza kama utafiti: Apak aliwarekodi wazee wakisimulia hadithi ileile, kila mmoja kwa namna yake, na mswada ukaandikwa kutokana na kanda hizo. Mavazi ya ngozi yalishonwa na wanawake waliojua kuyashona, vijana wakajifunza kuyavaa na kuendesha mbwa, na maarifa yaliyokuwa yamebaki vichwani yakarudi mikononi. Apak hakuiona filamu ikikamilika, alifariki 1998.

Mjini humohumo wazee walikuwa wameanza, mwaka 1986, kurekodi kwa utaratibu masimulizi yao katika kituo cha utafiti, na mamia ya mahojiano yakahifadhiwa hapohapo. Huko Iqaluit, wanafunzi wa Chuo cha Aktiki cha Nunavut waliwahoji wazee kwa Kiinuktitut darasani, na juzuu za mahojiano hayo zikaanza kutoka 1999. Mtu azisomaye hugundua kanuni moja ambayo wazee hawakuilegeza: walikubali kusema yale tu waliyoyaona au kuyaishi wenyewe, na walipoulizwa la zaidi walijibu kwamba hawajui. Vijana walijifunza hapo nidhamu ya ushahidi ambayo vyuo vikuu hudhani ni mali yao. Nidhamu hiyo ndiyo iliyomwongoza Pitseolak Ashoona alipochora kambi, na Annie alipochora jiko.

Mwaka 1998, baada ya vifo vya vijana waliojitoa uhai, kilizaliwa Igloolik kikundi cha sarakasi, Artcirq, kilichochanganya michezo ya kale ya nguvu na wepesi, ngoma na video. Baadaye kilishirikiana na Kalabante, kikundi cha wanasarakasi wenye asili ya Guinea, wakasafiri baina ya Afrika Magharibi na Aktiki. Kule Kinngait, mradi wa vijana uitwao Ubalozi wa Ubunifu ulianza 2014, ukawatoa wachoraji wa umri wa shule hadi kwenye kuta za majengo na, mwaka 2019, hadi kwenye maonyesho makubwa ya Toronto. Miradi ya namna hii haiwezi kupimwa kwa uzuri wa picha peke yake, maana katika mji ambako kijana amemzika rafiki yake, kuwa na chumba chenye joto, meza, rangi na mtu mzima anayengoja uje ni jambo la uhai.

Shirika la taifa la Wainuit, Inuit Tapiriit Kanatami, lilitoa mwaka 2018 mkakati wake wa utafiti, likidai kwamba Wainuit washike usukani wa utafiti unaofanywa katika nchi yao, tangu kuugawa mfuko wa fedha hadi kuzimiliki taarifa zinazokusanywa. Mkakati huo uliandika kwa lugha ya kiserikali jambo ambalo karatasi za Kinngait zilikuwa zikiliuliza tangu zamani. Hata leo makumi ya maelfu ya michoro ya ushirika huo yamewekwa kwa mkopo wa muda mrefu, tangu 1990, katika jumba la sanaa la McMichael huko Ontario, kwa kuwa mji haukuwa na chumba cha kuyalinda. Jengo jipya la uchapaji na utamaduni lenye jina la Kenojuak lilifunguliwa Kinngait mwaka 2018.

Kazi iliyowapa vijana nafasi kubwa kuliko zote, pengine, ni ile iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kati ya hifadhi ya nyaraka ya taifa la Kanada na Nunavut Sivuniksavut, chuo kidogo cha Ottawa ambako vijana wa Nunavut husoma historia yao. Hifadhi hiyo ilikuwa na maelfu ya picha za Wainuit ambazo maelezo yake yalitaja mahali, mwaka na mpiga picha, lakini hayakuwataja waliopigwa. Picha zapata 500 za kwanza, zilizopigwa na Richard Harrington mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, ziliwekwa kwenye kompyuta, na wanafunzi wakazibeba hadi Igloolik, Taloyoak, Kugluktuk na Arviat. Kijana hukaa karibu na mzee, picha ikafunguliwa, na mzee huinamia kioo. Wakati mwingine hunyamaza kwanza. Kisha huweka kidole juu ya uso wa mwanamke aliyembeba mtoto ndani ya kofia ya koti lake, akamtaja jina, akataja aliyepewa jina hilo baada yake, na mara nyingine mwenye jina hilo ndiye kijana anayeandika.